Mkufu Uliorudishwa kwa Simu

Chini ya taa za studio hata vitasa vya milango viliunguza, lakini mkufu ulikuwa baridi kama samaki wa barafuni. Enid Larkby, mshonaji wa mavazi, aliufunga shingoni mwa mwigizaji aliyecheza mke wa tajiri.

"Mikono yako ya maiti leo, kipenzi," mwigizaji alilalamika.

"Si mikono yangu."

Akavipaka vito vya mkufu sabuni, kama walivyozoea, ili visimetemete mbele ya kamera. Alipogeuka kuchukua pini na kurudi, sabuni ilikuwa imeshalambwa.

Ilikuwa filamu ndogo ya wezi wa vito, ya kupigwa harakaharaka katika banda moja nje ya London. Ikifika mchana, sebule ya tajiri hugeuzwa kituo cha polisi. Mkufu wenyewe Bwana Stoddart, mwongozaji, aliuokota kwenye mnada wa vitu vya bibi mmoja marehemu, kwa kuwa ulikuwa rahisi kuliko kukodi wa bandia.

Mwanawe mchanga Enid, Hazel, alilala ndani ya kigari cha mtoto pembeni. Hakuwa na wa kumwachia. Ronnie Vane, aliyecheza mwizi, alikuwa na tabia ya kumpashia chupa ya maziwa juu ya taa bila kuombwa.

"Kigari hicho!" Stoddart alibweka. "Ronnie, ukishaiba, ufiche mkufu chini ya mtoto."

"Mwanangu si kifaa cha filamu," Enid alisema.

"Basi mpeleke nyumbani, na wewe ubaki hukohuko."

Enid akakisukuma kigari mbele ya kamera. Ronnie akaiba, akaficha, kamera ikasimama. Hapo Hazel akalia kilio ambacho mama yake hakuwahi kukisikia. Enid alipoingiza mkono chini ya blanketi, alikuta mkufu umejizungusha kwenye kifundo cha mguu wa mtoto, na blanketi lote linanuka udongo mbichi.

Akaufungia sandukuni. Walipomaliza chai, sanduku lilikuwa bado limefungwa, lakini mkufu ulikuwa shingoni mwa Hazel, umekaza, na midomo ya mtoto imegeuka buluu, na kila Enid alipoingiza kidole kuufungua alihisi vidole vingine, virefu, vyenye kucha, vikimtoa vyake kimoja kimoja bila haraka, huku kitu kisichoonekana kikipumua ndani ya kigari, pumzi nzito ya mtu mzee mwenye hasira.

Bi Olive, mama wa chai, alimshika bega. "Mwanangu, kwenye hadithi yenu, mkufu unarudi kwa mwenyewe?"

"Lazima urudi. Wakaguzi wa filamu hawakubali mwizi ashinde. Lakini Stoddart amelifuta onyesho la kuurudisha, mkanda wa kamera umebaki kidogo. Polisi atasema tu kwenye simu kwamba umepatikana."

"Basi huyo mwenyewe kaibiwa mbele ya watu wote," Bi Olive alinong'ona, "halafu anajibiwa kwa simu."

Enid akamkimbilia Stoddart, akamwomba apige onyesho lile.

"Sipotezi mkanda kwa ajili ya mtoto mwenye chango!" alifoka.

"Kamera iwe tupu, bila mkanda," Ronnie alisema. "Nitaigiza hivyohivyo. Enid, mlete."

Mwigizaji wa kike alikuwa ameshaondoka. Kiti chake kilikuwa kitupu. Ronnie alipougusa mkufu shingoni mwa mtoto, ulilegea, akauvua. Akapiga magoti mbele ya kiti, jasho likimtiririka, akaunyoosha kuelekea kitini.

"Nisamehe, mama. Ni wako."

Kiti kikalia, kama kinavyolia mtu anapokaa. Mkufu ukavutwa polepole kutoka mikononi mwa Ronnie, ukatoweka. Hazel akavuta pumzi kwa nguvu, akaanza kulia kilio chake cha kawaida, na Enid akalia naye.

Miezi ikapita. Enid akampeleka Hazel kutazama filamu ile, ili wamwone Ronnie. Polisi akazungumza kwenye simu. Hapo ndipo filamu ilipopaswa kwisha.

Badala yake Ronnie akaonekana amepiga magoti, jasho likimtiririka, na mkono wa kijivu ukaupokea mkufu kutoka kwake. Kisha bibi aliyekaa kitini akauvaa, akainua uso, akatazama nje ya pazia la sinema, mpaka kwenye kiti cha Enid.

Bibi akapunga mkono.

Hazel, mapajani mwa mama yake, akapunga pia.