Kijiko cha Mwisho cha Kilambaneno

Ulimi ulitoka katika mashine, mnene kama mto wa kulalia, ukalamba neno lililochorwa juu ya sahani. Mrija ukakoroma. Ute ukadondoka kijikoni, tone kwa tone.

Hicho ndicho Kilambaneno, fahari ya Morogoro tangu mji ulipohamishiwa juu ya mawingu. Sheria ilisema kampuni haisajili jina mpaka mashine ilikamue, lugha baada ya lugha hadi kwenye shina, na mtu mwenye akili timamu aonje. Mtu huyo alikuwa Mzee Kobelo. Miaka kumi na tisa ameumeza ute ule, na bado kila asubuhi aligeuza uso ute ukidondoka.

Leo neno lilikuwa “Familia”. Bwana Lukindo alitaka kuyaita hivyo mabweni ya wachimbaji wake kule mwezini. Mwajabu, binti wa Kobelo, alikwisha kutia saini ya kwenda. Alikuwa mlangoni na begi lake, amekuja kuaga.

Kobelo akaonja. Famiglia ya Waitaliano: mkate wa moto. Famille ya Wafaransa: siagi. Family ya Waingereza: chai ya maziwa, imepoa kidogo. Kwa Waromania neno limegeuka femeie, yaani mwanamke. Hapo alionja moshi na mgongo unaouma.

“Tamu, eti?” akasema Lukindo. “Gonga muhuri, mzee wangu.”

“Bado shina.”

Ute wa Kilatini ulikingwa kwa kijiko cha mti, maana ute wa mashina hula chuma. Ngozi haiidhuru, huiachia harufu tu. Kobelo akautia kidogo kinywani, akautapika ndooni. Jasho la miguu, kutu, mate ya mtu mwingine.

“Warumi wa kale walipoanza kulitamka,” akasema akijifuta, “hawakutaja mama na watoto. Walitaja watumwa wa nyumba moja.”

“Ah, hayo ya kale. Neno limeshaoshwa.”

“Basi onja.”

“Nimeshakula.”

Mwajabu akakichukua kijiko, akakigusisha ncha ya ulimi. Akamrudishia baba yake.

“Baba, hivi ndivyo linavyonuka bweni la mafunzo. Nilidhani ni mimi sijazoea.”

Akaivuta bangili ya chuma mkononi mwake, yenye jina lile lile. Haikutoka.

“Hufunguka baada ya miaka kumi,” akasema Lukindo kwa upole. “Imo kwenye mkataba.”

Kobelo akaufungia muhuri kabatini. Akaushika mkono wa mwanawe, akauinamisha juu ya ndoo, akaimiminia bangili kilichobaki kijikoni. Povu la kijani likaanza kutoka, likinuka kama choo cha mnadani. Lukindo akaziba pua, akarudi nyuma.

Safari hii Kobelo hakugeuza uso.

“Tulia, mwanangu,” akasema. “Inaliwa.”