Kandambili ya Mlango wa Studio

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili usihangaike kumtafuta. Humu utakutana na mtu mwenye goti bovu, mwingine mwenye mapengo, na mwingine anayekula mayai kwa fujo, lakini mjinga ni mmoja tu, na ndiye anayekusimulia.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikiishi na shangazi yangu. Jumamosi zetu zilifanana kama sare za shule. Mimi nafagia ua, yeye anasukutua koo kwa maji ya chumvi, kisha tunafuatana kwa miguu hadi studio alikofanya kazi. Pale walikuwa wakitia sauti za Kiswahili kwenye vipindi vya televisheni vilivyotoka ng'ambo. Shangazi alikuwa mama mwenye nyumba katika kichekesho kilichoitwa Ghorofa ya Tatu. Sura ilikuwa ya mwanamke mwembamba wa nchi ya mbali, lakini makelele yote yalikuwa ya shangazi yangu.

Kichekesho chenyewe kilikuwa sebule moja, kochi moja, familia moja, na vicheko vya watu usiowaona. Kila wiki mtoto wa nyumba ile, Kibiriti, anatunga uongo. Uongo unaota mikia, watu wanafichana makabatini, na nusu saa ikiisha wote wanakumbatiana kwenye kochi. Shuleni tulikijua kipindi kile kuliko masomo. Na mimi, ambaye kila mtu aliniita Kasuku, niliweza kuiga sauti ya Kibiriti hadi watu wakageuka kumtafuta.

Siku moja naiga hivyo, mwenzangu wa dawati, msichana tuliyemwita Mapengo kwa sababu ya meno yake ya mbele, akaniuliza kwa utani, "Kasuku, isije ikawa ni wewe unayeongea kwenye televisheni. Si shangazi yako yumo?"

Ningeweza kusema "hapana". Ni neno fupi, na lina nafasi nzuri mdomoni. Badala yake nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikanong'ona, "Usimwambie mtu."

Kumwambia Mapengo asimwambie mtu ni sawa na kubandika tangazo getini. Kabla ya kengele ya mwisho darasa zima lilikuwa linajua. Kesho yake mwalimu wetu wa darasa akaja na tabasamu ambalo hatukuwahi kuliona.

"Kumbe tuna nyota humu, na anakaa kimya!" alisema. "Jumatano ijayo ni siku ya wazazi. Kasuku, utatufungulia shughuli kwa sauti ya Kibiriti."

Darasa likapiga makofi. Kisha mwalimu akamgeukia Mapengo, na makofi yakaanza kupungua, kwa sababu wote tulijua. Nafasi ya kuchekesha siku ya wazazi ilikuwa moja tu, na ilikuwa yake. Alikuwa ametunga mwenyewe kichekesho alichokiita "Baba Hakoromi", cha baba anayeapa kwamba hakoromi huku majirani wakihama mmoja mmoja. Alikifanyia mazoezi wiki tatu.

"Utanisamehe, binti," mwalimu akamwambia. "Tukiwa na Kibiriti mwenyewe, hatuwezi kumficha. Wewe utakuja mwakani."

Mapengo akakunja karatasi zake mara nne, akazisukuma ndani kabisa ya mkoba. "Angalau ni wewe," aliniambia. Afadhali angenitukana.

Na hapo ndipo sauti yangu ilipoona huo ndio wakati mzuri wa kunihama. Nilianza kubalehe. Neno lilianza juu kama filimbi, likamalizikia chini kama gunia linaloburutwa sakafuni. Nikifungua mdomo kumtoa Kibiriti, anatoka bata. Nikisema ukweli, aibu. Nikinyamaza, Jumatano inakuja vilevile. Usiku sikulala vizuri, mchana sikula vizuri, na shangazi akanipa dawa ya minyoo.

Jumamosi ikafika na nilikuwa na mpango. Nitaingia kwenye chumba cha sauti wakati wa chakula cha mchana, nirudie salamu ya wazazi mara hamsini kwa sauti ya Kibiriti. Kati ya hamsini, moja si itatoka safi? Hiyo moja nitaihamishia kwenye simu, na Jumatano nitasimama jukwaani nachezesha midomo tu. Ulikuwa mpango wa Kibiriti mtupu. Ulikosa vicheko tu.

Studio ilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na kioo kinene. Upande mmoja alikaa Fundi, kijana mrefu aliyesimamia mitambo. Upande wa pili ndio chumba cha sauti: kuta za sponji, zulia, maikrofoni, skrini, na mlango mzito uliofunikwa godoro. Kitasa cha ndani kilikuwa kimevunjika tangu mwaka juzi. Kwa hiyo kulikuwa na kandambili moja ya kijani iliyokaa kati ya mlango na fremu, na juu yake kadi iliyoandikwa kwa wino mwekundu: KANDAMBILI ISITOLEWE. Fundi peke yake ndiye aliyeitoa wakati wa kurekodi, na Fundi peke yake ndiye aliyefungua kutoka nje.

Asubuhi hiyo alikuwa kazini Mama Sauti. Huyu ndiye aliyekuwa Kibiriti halisi: mwanamke wa miaka hamsini na ushei, goti bovu, miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba. Alipofungua mdomo alitoka mtoto mtukutu wa miaka tisa.

"Shikamoo, Mama Sauti," nikamwamkia. "Hivi kwa nini wasimtafute mvulana?"

"Marahaba. Wavulana? Sauti zenu hazina adabu. Leo ipo, kesho imehama bila kuaga." Akanitazama juu ya miwani, nikaangalia viatu. "Kila nchi kinakoonyeshwa kipindi hiki wana mtu mzima kama mimi. Kibiriti akipiga chafya mara moja, sisi tunapiga chafya kwa lugha ishirini."

"Na vicheko? Mnacheka nyinyi?"

Fundi akadakia. "Vicheko vinakuja kwenye faili lake peke yake, vimeshachekwa. Maneno tunabadilisha, kicheko ni kilekile dunia nzima. Hata shangazi yako akikosea, watu wanacheka."

"Mimi nilikosea lini?" shangazi akauliza, na Fundi akakumbuka ana kazi.

Kwa kuwa sikuwa na akili, nikawachekesha zaidi. Nilisimama chumba cha sauti, nyuma ya kioo, nikajifanya mtu aliyefungiwa: nikapapasa kioo, nikapiga ngumi, nikatoa ulimi, nikaanguka. Wakacheka hadi Mama Sauti akashika goti. Kumbuka jambo hilo, maana lilinirudia.

Saa saba wakatoka kwenda kula. Mimi nikasema nimeshiba. Nikaingia chumba cha mitambo, nikabonyeza vitufe nilivyomwona Fundi akibonyeza. Kipande cha Kibiriti kikaanza kujirudia kwenye skrini, kama wanavyofanya ili mwigizaji alinganishe maneno yake na midomo ya skrini, na taa nyekundu ya kurekodi ikawaka. Nikakimbilia chumba cha sauti. Kutoka nje zilisikika sahani na vijiko. Zitaharibu rekodi yangu, nikawaza. Nikaitazama kandambili. Kandambili ikanitazama. Nikaitoa.

Mlango ulijifunga taratibu, ukasema "fff", kama mtu aliyepumua mara ya mwisho.

"Karibuni wazaaazi," nikasema kwenye maikrofoni. Bata. Nikarudia. Gunia. Nikarudia mara kumi, mara ishirini. Kwenye skrini Kibiriti alikuwa amejifungia kabatini, anagonga, anasema, "Nipo humu!" na watu wasioonekana wanacheka. Kipande kinaisha, kinaanza tena. Nipo humu! Ha-ha-ha.

Nilipofika mara ya thelathini jasho lilikuwa linaingia machoni. Feni huzimwa wakati wa kurekodi kwa sababu ya mvumo wake. Nikaona inatosha, nikaenda mlangoni. Nikashika mahali pa kitasa. Palikuwa na tundu na parafujo moja. Nikaingiza kidole, nikasukuma kwa bega, kisha kwa mgongo. Godoro la mlango likanipokea vizuri kabisa na kunirudisha nilikotoka.

Nikapiga kelele. Sauti ilifika kwenye sponji ikafia hapohapo. Chumba kile kilijengwa na watu wenye akili ili kisitoe hata kikohozi.

Kisha Fundi akatokea nyuma ya kioo, mkate na mayai mkononi. Nilikimbia kiooni, nikapapasa, nikapiga ngumi, nikaonyesha mlango, nikaonyesha koo. Fundi akaniangalia. Akaanza kucheka. Alicheka hadi yai likamtoka mdomoni, akainua kidole gumba kunisifu, akachukua kofia yake, akatoka. Sikusikia kitu. Niliona tu meno.

Nilikaa chini kwenye zulia. Nyuma yangu: Nipo humu! Ha-ha-ha. Asubuhi nilidhani kicheko kile ni cha furaha. Sasa nilikisikia vizuri: kulikuwa na mwanaume mmoja anayecheka kwa pua, na mwanamke anayemalizia "hii", na kila mara walikuwa palepale, kwa kipimo kilekile, niwe nalia au nisilie. Hawakunijua. Hata hawakuwamo. Nilivua shati nikajipepea nalo. Nikajaribu tena parafujo hadi kucha ikapasuka. Nikawaza wakienda nyumbani moja kwa moja itakuwaje, maana studio hufunguliwa Jumatatu.

Hapo ndipo uongo wangu wote ulipokaa nami chumbani, na hapakuwa na nafasi ya wawili.

"Mimi si Kibiriti," nikasema kwa bata na gunia lote. "Sijawahi kuwa Kibiriti. Mapengo, nafasi ni yako. Nitamwambia mwalimu. Shangazi, naomba mnifungulie. Sitaki tena. Fungueni tu."

Nikasema hivyo mara nyingi, wakati mwingine kwa maneno, wakati mwingine kwa kamasi.

Mlango ukafunguka. Mama Sauti alikuwa amesimama pale, vifaa vya kusikilizia vimemning'inia shingoni. Alikuwa amerudi mapema kurudia chafya moja, akaona taa nyekundu inawaka bila mtu mezani, akavivaa masikioni. Nyuma yake alikuwa shangazi. Nilikaa humo dakika arobaini. Mimi ningeapa ni wiki.

"Umeumia?" shangazi akauliza.

"Kucha."

"Vizuri. Vaa shati."

Akanipa maji, akangoja nimalize, kisha akarudisha rekodi nyuma na kuniketisha niisikilize yote, tangu "karibuni wazazi" hadi kamasi. Fundi aliporudi na kuelewa alichokuwa anakichekea, uso ulimbadilika. "Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Nilidhani ni ule mchezo wako."

"Hata ningekuwa mimi ningecheka," shangazi akasema. "Mtu akizoea kutuuzia mchezo, siku ya kweli tutaijulia wapi? Kasuku, yale uliyoyasema humo ndani, Jumatatu utayasema mbele ya darasa. Mimi nitakusindikiza hadi mlangoni. Ndani utaingia peke yako."

Jumatatu niliingia peke yangu. Sauti ilinikatikia mara nne na hakuna aliyecheka, jambo lililokuwa baya zaidi.  Mwalimu akamwambia Mapengo achukue nafasi yake, na mimi nikapewa kazi ya kufagia ukumbi na kupanga viti hadi Ijumaa.

"Karatasi zako bado zipo?" nikamuuliza Mapengo tulipokaa.

"Zipo kichwani. Na usinisemeshe hadi Alhamisi."

Jumatano ukumbi ulijaa. Shangazi alikuja, na Mama Sauti akamfuata akichechemea. Mapengo akapanda jukwaani, akakoroma mara moja tu, koromo refu lenye kona tatu. Kutoka safu ya nyuma sauti nzito ikapaa: "Mimi sikoromi!" Alikuwa baba yake. Ukumbi ukavunjika. Nilisimama na ufagio wangu nikisikiliza. Mmoja alikohoa, mwingine alichelewa akacheka peke yake watu wakamcheka yeye, mama mmoja alimpiga jirani yake begani. Hakuna kicheko kilichofanana na kingine, na vyote vilikuwa vya Mapengo.

Watu walipotoka nikabaki na viti mia mbili. Shangazi na Mama Sauti walikaa kwenye viwili vya mwisho, wakinitazama kwa raha. Mgongo ulikuwa unaniuma, na ujinga haukuwa umeniisha wote.

"Lakini si haki," nikasema. "Kibiriti anadanganya kila wiki! Kila wiki! Na nusu saa haijaisha wanamkumbatia. Mimi nimedanganya mara moja tu, nafagia siku tano."

Shangazi alivuta pumzi ya kuanza hotuba. Mama Sauti akamgusa mkono kumzuia. Akavua miwani, akasafisha koo, na kwenye ukumbi ule mtupu akatoka Kibiriti mwenyewe, wa miaka tisa, mtukutu, mwenye maneno:

"Mimi, mwenzangu, nina watunzi sita wanaolipwa kukaa mezani kutwa kunitafutia pa kutokea. Wewe ulikuwa na kandambili moja, na ukaitoa."