Utepe Usiokatika

Kila asubuhi kengele ya shule ilipolia, Chapuchapu alikuwa ameshafagia darasa, ameshamwagilia maua na ameshakaa kupumzika. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu kila jambo alilifanya mbiombio. Shida ni kwamba akifagia, taka hubaki, na akimwagilia, maji huishia kwenye viatu vya watu.

Siku moja kabla ya michezo ya shule, mwalimu wa michezo aliuliza nani angeleta utepe wa kukatwa na washindi. Swali halijaisha, mkono wa msichana wetu ulikuwa juu!

Jioni alipita nyuma ya madarasa, penye paneli za sola zinazoendesha pampu ya maji. Mvua ilikuwa imemomonyoa udongo uliofukiwa majuzi, na ncha ya utepe wa njano ilichungulia. Akauvuta, ukaja. Akauvuta tena, ukazidi kuja, mita baada ya mita. Ulikuwa umeandikwa: HATARI! NYAYA ZA UMEME CHINI. Chapuchapu akatazama kulia, akatazama kushoto. Aliona kuku mmoja tu.

"Hatari yenyewe ndiyo hii?" akacheka, akautia utepe mkobani.

Kesho yake mwalimu wa michezo aliugeuzageuza. "Umeutoa wapi?"

"Kwa shangazi, mwalimu. Yeye ni mshonaji."

"Shangazi yako anashona nguo za hatari?" Lakini wakimbiaji walikuwa wameshajipanga, na mwalimu akaacha kuuliza.

Zikaanza mbio za walimu. Mwalimu mkuu, mtu wa kitambi na heshima zake, aliongoza, maana wenzake walipunguza mwendo kwa adabu. Akafika mwisho kifua mbele. Loo! Utepe haukukatika. Ulivutika, ukamrudisha nyuma, na wanafunzi wawili walioushika wakaburutwa hadi wakamwangukia. Alipoinuka, tumboni pake palisomeka HATARI! Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Mama mmoja tu hakucheka. Alikuwa fundi wa sola, aliyekuja kumtazama mwanawe akikimbia. "Nani ameng'oa utepe wangu?" akapaza sauti. "Niliufukia juu ya nyaya za umeme ili mchimbaji akiuona asiendelee!"

Hapo Chapuchapu akasikia sururu ikigonga ardhi nyuma ya madarasa. Mjomba wake, mtunza bustani wa shule, alikuwa anachimba shimo la mti palepale! Akisema, wote watajua alidanganya. Asiposema, mjomba atakufa.

"Ni mimi!" akapiga kelele. "Niliung'oa mimi, nikadanganya! Mjomba anachimba pale!"

Akatimua mbio, fundi nyuma yake. Mjomba, ambaye masikio yake yalikuwa mazito, alikuwa ameinua sururu.

"Waya, mjomba! Waya!"

"Chai? Ngoja kwanza nimalize shimo."

Chapuchapu akamkumbatia mkono, akaning'inia nao mpaka sururu ikaanguka pembeni. Fundi akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Shubiri moja tu chini, waya mweusi ukaonekana.

Mjomba akakaa chini kama gunia. "Lakini swichi si niliizima?"

"Swichi haisaidii hapa, mzee. Jua likiwaka, paneli zinatoa umeme, uzime usizime. Ungeugonga waya huu kwa chuma, tungekuwa tunakulilia sasa hivi."

Chapuchapu akalia kwa kwikwi. Mjomba akamfuta machozi kwa kofia yake chafu, akampaka tope uso mzima.

Mchana ule wakaufukia waya upya: mchanga laini, udongo, utepe, kisha udongo tena. Fundi akasimamisha na vibao vya onyo, na shimo la mti likahamishiwa mbali. Chapuchapu alishindilia udongo polepole, akirudia kila hatua, mpaka mwalimu mkuu akauliza kama mtoto ni mgonjwa.

Walipomaliza, fundi akamwita kando.

"Waya ukiwa ardhini hauna mdomo. Utepe ndio unaousemea. Wewe uliunyamazisha, kisha ukaongeza uongo juu yake. Siku nyingine ukiona onyo, liache mahali pake, hata kama hatari yenyewe huioni. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema leo."

"Lakini watanicheka, fundi."

"Watakucheka, tena sana. Watachoka wenyewe. Mjomba unaye mmoja tu."