Mkulo Uliojibu Shikamoo

"Marahaba, mwanangu. Tembea salama, mizizi inateleza."

Sauti ilitoka ndani ya gome la mkulo, na wageni waliokuwa wakiisikia kwa mara ya kwanza walishtuka, kisha wakacheka. Mti huo ulikuwa mkongwe kuliko yote katika Bustani ya Kwemvule, kipande kidogo cha msitu kilichosalia baada ya Jiji la Usambara kuipanda milima kwa maghorofa yake. Watu walikuja kupanda njia ya bustani ile kwa miguu yao wenyewe, maana mitaani roboti za kubeba watu zilikuwa zimeshawasahaulisha kutembea. Kabla ya kushuka walisimama mbele ya mkulo na kuuamkia.

Aliyeupa mti ule kinywa ni Mhandisi Mboza Shekiondo. Mtambo wake, aliouita kinenamti, ulikuwa sindano moja tu iliyochomekwa kwenye shina. Sheria ilikataza nyaya na betri msituni, kwa hiyo sindano ilijipatia umeme kutokana na maji yanayopanda toka mizizini, na kila neno lilimeza kiasi kidogo cha nguvu za mti. Sauti yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyekuwa askari wa misitu hapo hapo bustanini. Mama yake, Bi Zahora, aliridhia kwa sharti moja: sauti ya mumewe ikae humo tu, isinakiliwe, isije ikasikika madukani ikinadi sabuni. Na sindano ikichomolewa, kumbukumbu yake yote hufutika.

Asubuhi hiyo Mboza alipanda njia pamoja na mama yake, moyo mzito. Kilele cha mkulo kilikuwa kimekauka. Mwanzoni alisingizia ukame, mpaka kipimo chake cha mkononi kilipomuumbua. Kule maabara yeye na wenzake walikadiria kwamba kundi la wageni lingeamkia mara moja, kwa kinywa cha mmoja wao. Hesabu za watu waliojifungia ndani mpaka wakasahau kwao! Nani wa milimani angempita mzee kwa shikamoo ya mwenzake? Kila mtu aliamkia yake na kusubiri jibu lake. Hata watoto wa mgongoni waligeuzwa nyuso na kuambiwa waamkie, wafundwe adabu mapema. Heshima ilikuwa ikiuua mti, na aliyeichomeka sindano ni yeye.

Akamweleza mama yake hayo yote. Bi Zahora alisikiliza huku ameshika gome, na alipouliza hakumtazama binti yake.

"Ukiiacha sindano?"

"Haufiki masika, mama."

"Baba yako alilala nje humu akiwafukuza wakata mbao. Mti huu aliupenda kuliko kitanda chake." Akaliachia gome. "Chomoa."

Mboza alimkumbusha kwamba angeweza kuusemesha kwa mara ya mwisho. Salamu moja isingeuangusha. Bi Zahora akatikisa kichwa, akaupa mti mgongo. Mboza akaichomoa sindano huku machozi yakimtoka, na tone la maji ya mti likamdondokea kidoleni.

Akiwa bado anafuta macho, wanafunzi walitokea wamepanga mstari. Wa mbele akaamkia. Kimya. Hakusogea, kwa kuwa mtoto haondoki kabla hajaitikiwa, na walio nyuma yake wakasimama pia, wakitazamana kama waliofanya kosa. Mboza alikuwa akitafuta maneno ya kuwaeleza pale Bi Zahora alipoketi juu ya mzizi.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Tembea salama, mizizi inateleza."

Akawaitikia wote. Kesho yake akarudi, na siku zilizofuata. Mboza alitundika tangazo la kuomba watu wapite kimya. Walilisoma, kisha wakaamkia. Sauti ya mama yake ilipoanza kukauka, alimsihi apumzike, akajibiwa kwamba watoto wa watu hawawezi kuachwa wamesimama. Kilele cha mkulo kikachipua, jiji zima likampongeza mhandisi, naye akazipokea pongezi hizo bila furaha.

Jioni moja alimfuata mama yake bustanini. Alimkuta juu ya mzizi ule ule, khanga mabegani, wageni wameshaondoka.

"Shikamoo, mama."

Bi Zahora alifumbua kinywa. Haikutoka sauti. Akaishika shingo yake, akajaribu tena, kisha akamwinulia binti yake mkono. Mboza akabaki amesimama pale pale, akisubiri.