Kidole Gumba cha Adija

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya milima ya Kongo wakati Mwantum binti Massoudi alipopanda ngazi za ofisi ya polisi kwenda kuchukuliwa alama za vidole. Hakuwa na kosa. Alikuwa na safari. Shule moja ya wasichana huko Oran, Aljeria, ilikuwa imemkubali afundishe Kifaransa na hesabu, na kilichobaki ni cheti cha kuthibitisha kwamba hajawahi kushtakiwa wala kufungwa, kile ambacho watu wa ofisini walikiita kazie. Bahasha ya ubalozi ingeondoka na ndege ya kesho mchana. Kama kazie haimo ndani yake, nafasi anapewa mwingine, na Mwantum anabaki mtaani Buyenzi kuzeeka na chaki mkononi chini ya macho ya shangazi yake.

Na hilo alikuwa ameapa halitakuwa.

Shangazi ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kufariki. Mtaa mzima ulimwita Mama Adija, ingawa Adija mwenyewe, mtoto wake wa pekee, alikuwa chini ya udongo tangu mwaka ule ziwa lilipopanda, uhuru ukiwa bado mchanga. Habari ya Aljeria ilipofika, mama huyu alilia, akanuna, akagoma kula. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alimwambia. Mwantum akamjibu kwamba basi atafika Aljeria akichechemea. Kisha juzi, ghafla, mama akalainika. Akamkalisha mpwa wake mkekani, akampaka hina mkono wa kushoto. Hina ya safari, alisema. Wa kulia tuuachie chaki. Mwantum akafurahi mno. Furaha bwana, ina upofu wake. Mtu aliyegoma kula kwa ajili yako, leo anakupaka hina akiimba, na wewe huulizi?

Karani wa alama aliitwa Sylvère, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa anataka kufunga ofisi. Alimtazama mgeni wake, akaitazama saa ya ukutani, akahema, kisha akaviringisha wino juu ya kioo.

"Leta mukono, Mwalimu. Usikaze vidole. Mi njo nazungusha, we acha tu."

Mkono wa kulia ulipita bila neno. Vidole vitano, alama tano, safi kabisa. Akaushika wa kushoto. Akasita.

"Mukono yako iko baridi sana."

"Ni upepo wa ziwa," Mwantum alisema.

Dirisha lilikuwa limefungwa.

Sylvère alikizungusha kidole gumba kwenye wino, akakibandika kwenye karatasi. Akainama. Akaisogeza karatasi chini ya taa... akavua miwani, akaivaa tena.

"Uko na kovu," alisema.

"Kovu gani?"

"Ya wembe. Ona." Katikati ya alama palikuwa na mstari mweupe, umelala upande, kama njia iliyokatiza shambani.

Mwantum alitazama kidole chake. Chini ya wino na hina kilikuwa laini, hakina hata mkwaruzo. Sylvère akakifuta kwa kitambaa chenye petroli, akachukua karatasi nyingine, akarudia. Mstari ukarudi. Akarudia tena. Safari hii pembeni ya alama karatasi ililowa, na doa la maji likaanza kutanuka pole pole.

Hapo ndipo harufu ilipopanda. Hina mbichi... na chini ya hina, tope la mto.

Kovu lile Mwantum alilijua. Alikuwepo siku lilipozaliwa. Yeye na Adija walikuwa na kalamu moja ya risasi kwa watu wawili, na Adija ndiye aliyeikata katikati kwa wembe, wembe ukateleza. Damu ilichuruzika hadi kwenye daftari. Hata hivyo Adija alizichonga nusu zote mbili, zikawa kali kama sindano, maana hakuna aliyejua kuchonga kalamu kama yeye.

Sylvère alikuwa amekwisha kurudi nyuma hadi kabatini.

"Mwalimu," alinong'ona, "mi niko mu iyi kazi tangu wakati ya Wabeleji. Nimeshashika mikono ya wezi, ya wauaji, hata ya maiti. Iyi siiweke mu dosiye ya polisi. Uende. Kesho asubui urudie na mukono yako."

"Huu ni mkono wangu."

"Apana, Mwalimu. Ule si wako."

Alitoka nje giza likianza kuingia. Mwingine angelia. Mwantum alikasirika. Alikasirika mpaka meno yakauma, maana alijua sasa kwamba hina ile haikuwa hina, na kwamba mtu aliyemlisha na kumvisha ndiye aliyemwekea kigogo njiani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na wazee hao hata hawakumjua Mama Adija.

Alikatiza mtaa wa Bwiza, taa za baa zikiwaka moja moja, redio zikiimba Kilingala. Nyuma yake akasikia bangili.

Cha... cha... cha...

Yeye hakuvaa bangili. Aliposimama, zilisimama. Alipotembea, zilitembea, na pamoja nazo sauti ya nyayo zilizolowa juu ya vumbi kavu. Muuza mishikaki mmoja alimkaribisha akitabasamu, halafu akatazama kushoto kwa Mwantum, tabasamu likafa, akashughulika na makaa.

Mwantum hakukimbia. Ukikimbia, alijiambia, umekubali. Aliinua kidevu, akatembea kwa mwendo wake wa kuingia darasani.

Alimkuta Shangazi amekaa mkekani, tasbihi mkononi, kibatari kimewashwa. Mwantum hakutoa salamu. Aliuweka mkono wa kushoto chini ya mwanga.

"Shangazi, hina hii uliitoa wapi?"

Tasbihi ikasimama.

"Sokoni."

"Shangazi."

Macho ya mama yakaenda yenyewe juu ya kabati, kwenye kopo kuukuu la maziwa ya unga. Mwantum alilijua kopo lile. Tangu utoto alikatazwa kuligusa.

"Ni ya Adija," mama akasema kwa sauti ndogo. "Ile tulimusagia siku ya arusi."

Hapa msomaji inafaa ajue. Adija alikuwa wa kwanza darasani, na mama yake alimtoa shule amwoze mfanyabiashara wa Gatumba mwenye mvi na wake wawili. Jioni ya kupakwa hina, wanawake wameshakaa, hina imeshasagwa, bibi harusi aliaga anakwenda kuoga. Mto Ntahangwa ulikuwa umefura kwa mvua. Walimwokota kesho yake kwenye matope, mahali mto unapoingia ziwani, na bangili zake mkononi. Wengine walisema aliteleza. Wengine hawakusema kitu. Na watu wa Buyenzi wana desturi yao: hina inayobaki ya bibi harusi hupakwa wasichana wa nyumbani, ili na wao wamfuate. Wamfuate kwenye ndoa, ndiyo maana yake. Lakini ya bibi harusi aliyekufa hutupwa mtoni siku ile ile, haikai ndani ya nyumba, wala haigusi mkono wa aliye hai.

"Nimufuate wapi, Shangazi?" Mwantum aliuliza. "Mu kaburi?"

"Apana, mwanangu. Apana kufa." Mama aliiweka tasbihi chini. "Nilimwambia tu, Adija, mushike mwenzako. Asiniache. Mi niko na nani tena? Asubui nitaamukia nani? Nilimwomba akushike mukono, basi."

Mwantum alimhurumia. Lazima isemwe, alimhurumia sana, kwa kuwa mama yule alikuwa mpweke kweli, na mapenzi yake yalikuwa ya kweli. Lakini huruma ni jambo moja na kufungwa kamba ni jambo lingine.

"Ulimwomba," alisema. "Lakini yeye hukumuuliza anataka nini. Hata wakati ule hukumuuliza."

Mama alijifunika uso kwa kanga.

Adhana ya isha ikalia msikitini. Na uani, nyuma ya mabati ya mahali pa kuogea, maji yakaanza kumiminika. Mtu alikuwa anaoga.

Nyumbani mle waliishi wawili tu, na wote wawili walikuwa chumbani.

"Usiende," Shangazi alinong'ona.

Mwantum alikwenda.

Alichukua kibatari, akatoka uani akiisoma Ayatul Kursiy kimoyomoyo. Harufu ya tope ilijaa uani. Ndoo ilikuwa kavu. Kata ilikuwa imetundikwa mahali pake. Lakini maji yalimiminika... yakamiminika... na chini ya mabati yakatoka mekundu, rangi ya hina, yakiifuata miguu yake kama yanayomtambua. Mkono wake wa kushoto ulianza kuinuka. Hakuuinua yeye. Uliinuka kuelekea pengo la mlango, vidole wazi, kama mtu anayesubiri kushikwa.

Kisha ukashikwa.

Kibatari kilizimika. Vidole baridi, vilivyovimba kwa maji, viliingia katikati ya vidole vyake, na kidole gumba kikalala juu ya kidole gumba. Akalihisi kovu.

"Mwantum..."

Sauti ilikuwa ya msichana wa shule. Haikuwa imekua hata siku moja.

"Nikatie nusu."

Ndivyo Adija alivyosema kila mara. Ya muwa, ya andazi, ya kalamu. Nikatie nusu. Mwantum alisikia machozi yakimtoka, na pamoja na machozi akasikia mkono ukivutwa, kwanza taratibu, halafu kwa nguvu. Bega likagonga mabati. Miguu ikateleza kwenye maji.

Akasimamisha visigino.

"Sikiya, dada," alisema, na sauti yake ilitetemeka lakini haikushuka. "Mi sikufuate. Mama yako alikuomba unishike, naye ni yule yule aliyekuuza Gatumba. Leo unamutumikia? Walikutoa ku shule, sasa unataka na mi nitoke? Nusu ya kalamu nitakukatia. Nusu ya mukono, apana."

Bangili zililia mara moja. Vidole vikakaza mpaka mifupa ikalia.

"Mimi naenda," Mwantum alisema. "Kama unataka, we njo unifuate."

Maji yakaacha kumiminika. Vidole vilibaki vimemshika kwa muda, kama mtu anayefikiri. Halafu kimoja kimoja... vikaachia.

Alipokiwasha tena kibatari, mkono wake wa kushoto ulikuwa safi. Hina yote ilikuwa imetoka, hata kwenye kucha, na hina haitoki kwa maji. Alilichukua lile kopo, akatembea nalo hadi darajani, akalimimina Ntahangwa. Akarudi nyumbani, akala ugali wake wote mbele ya Shangazi.

Asubuhi Sylvère alikuwa amekuja na rozari shingoni. Aliushika mkono wa kushoto kwa ncha za vidole. Akauona una joto. Akazungusha, akabandika, akainama chini ya taa. Akatoa pumzi ndefu.

"Sasa iyi ni yako."

Alijaza kazie, akapiga mhuri, akampa. Mwantum aliikunja vizuri, akaiweka kifuani. Alikuwa ameshafika mlangoni Sylvère aliposema, huku anafuta kioo chake cha wino bila kuinua kichwa:

"Na uyu mwenzako, yeye hatake alama?"

Kwenye benchi la wageni hapakuwa na mtu. Pale chini yake tu sakafu ilikuwa imelowa.

Mwantum aliibana kazie kifuani.

"Apana," alisema. "Yeye ananisindikiza."

Aliwahi bahasha. Jibu lilikuja, viza ikaja, na siku ya kuondoka Shangazi alimsindikiza hadi uwanja wa ndege, amejifunga kanga nyeusi. Ndege ilipokuwa inaanza kutembea, Mwantum alimwona kupitia dirishani akiinua mkono. Alimpungia yeye. Kisha macho yake mama yakahama kidogo, hadi kiti cha pembeni mwa Mwantum kilichokuwa kitupu, na mama akapunga tena, pole pole, mkono mwingine umeziba mdomo.

Kabla ya kuondoka Mwantum alikuwa ametimiza ahadi. Alinunua kalamu mpya ya risasi, akaikata katikati, akaziweka nusu zote mbili kwenye mfuko wa ndani wa sanduku, hazijachongwa, akalifunga kwa ufunguo aliouvaa shingoni.

Alilifungua Oran, asubuhi ya siku yake ya kwanza ya kazi. Nusu moja ilikuwa vile vile. Nyingine ilikuwa imechongwa kwa wembe, kali kama sindano, na maganda yake yamelowa.

Mwantum aliitazama kitambo kirefu. Akakaa kitandani. Akasimama. Kisha akachukua ile butu, akamwachia Adija ile kali juu ya meza.

"Haya, amka," alisema. "Tutachelewa."

Akaenda kufundisha, na mlango nyuma yake akauacha wazi.