Hedifoni Iliyojipandisha Sauti

Kila siku akitoka shule, Evelina alipitia dukani kwa Baba Sheetal kabla ya kurudi kwao Kirumba. Duka lilikuwa Nyamagana, karibu na soko kuu, na liliuza redio, feni, tochi, chaji za simu na kila kitu chenye waya. Baba Sheetal, ambaye jina lake hasa ni Mihir, alikaa nyuma ya kaunta na kikombe chake cha chai ya maziwa. Binti yake Sheetal alisoma darasa la sita pamoja na Evelina, na wasichana hao walikuwa kama chanda na pete.

Sasa, Evelina alijulikana shuleni na mtaani kwa jambo moja: mdomo wake haukuwa na breki. Akiona kitu, atakisema tu. Aliwahi kumwambia Baba Sheetal, tena mbele ya wateja, kwamba feni yake mpya inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Sheetal alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini Baba Sheetal, baada ya kukunja uso kidogo, aliiwasha ile feni, akaisikiliza, kisha akacheka mpaka miwani ikamteleza. Feni ikarudi stoo.

Kwa hiyo Jumatatu moja Baba Sheetal alimwita.

"Evelina, njoo hapa. Masikio yako mazima?"

"Mazima kabisa, Baba Sheetal."

"Haya, tazama hii." Akatoa hedifoni nyekundu, nzuri ajabu, yenye mito laini ya masikio. Akaikunja ikawa ndogo ya kuenea kwenye begi la shule. "Wakala kutoka Dar ameniletea hii moja niijaribu. Haina waya. Anasema ni ya muziki na ya gemu, na kwamba likizo hii watoto watazigombania. Lakini mimi magemu siyajui. Sheetal nilimpa, akasema 'nzuri' kabla hata hajaiwasha."

"Baba jamani!" Sheetal alilalamika kutoka nyuma ya rafu.

"Kaitumie wiki hii," Baba Sheetal aliendelea. "Ikiwa nzuri sema nzuri, ikiwa mbaya sema mbaya. Nikiamua kuziagiza, hii inabaki yako. Nisipoziagiza, inarudi kwa wakala."

Inabaki yako! Evelina alihisi moyo unataka kutoka. Tangu azaliwe alikuwa anasikilizia muziki kwenye spika mbovu ya simu ya mama yake, ile inayokoroma kila besi inapopiga. Alishukuru, akaikumbatia ile hedifoni, na njia nzima alitembea akitabasamu peke yake.

Kazi aliyopewa aliifanya kwelikweli, tusimnyime haki yake. Alisikiliza nyimbo za taratibu na za kurukaruka, na besi ikampiga kifuani. Alicheza gemu ya mbio za magari na Shimba, jirani yao, akawa anasikia gari likimjia kushoto au kulia kabla hajaliona. Shimba alishindwa mara nyingi mpaka akanuna. Evelina alimpigia simu Sheetal, wakasikilizana vizuri sana. Aliruka hata kamba akiwa ameivaa, aone kama itaanguka. Haikuanguka.

Lakini ilikuwa na kasoro moja. Kila alipoizima na kuiwasha tena, sauti ilijipandisha yenyewe hadi mwisho. Puu! Masikioni moja kwa moja. Mara ya kwanza Evelina aliruka kitandani akapiga kichwa ukutani. Alibonyeza kitufe cha kupunguza. Pengine kilikubali, pengine kiligoma. Siku zilivyosonga akaizoea sauti ile, akaacha hata kuipunguza. Akilala, masikio yalimlia kama yana nyenje ndani.

Alijua anachopaswa kusema. Alijua pia kwamba akikisema tu, hedifoni inarudi Dar.

Ijumaa ikafika. "Haya, mtaalamu wangu," alisema Baba Sheetal. "Lete habari."

Evelina akaeleza: muziki safi, gemu tamu, haibani kichwa, chaji inakaa.

"Na kasoro?"

Hedifoni ilikuwa shingoni mwake, nyekundu, laini. Basi ule mdomo usio na breki ukafunga breki siku hiyo.

"Haina."

Baba Sheetal alimtazama kwa mshangao. "Wewe leo hujaona kasoro? Maajabu! Basi Jumatatu asubuhi naagiza. Hiyo ni yako, hongera."

Evelina alifurahi. Lakini furaha yenyewe ilimkwaruza ndani, na hakukaa kupiga soga na Sheetal kama kawaida yake.

Jumamosi alimsaidia mama yake, Bernadeta, kazi ya dagaa. Mama alinunua dagaa wabichi mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, na kuwaanika kwenye vichanja ufukweni, wauzwe wakiwa wakavu. Wanawake wengi walianika pale, na walikuwa na utaratibu wao ambao hakuna aliyeuvunja. Yeyote anayeliona wingu la ziwani kwanza hupiga kelele, "Mvua hiyo! Anueni!" Anayesikia hupokea na kupaza sauti zaidi, mpaka ufukwe mzima upate habari. Kila mtu huanua wake, kisha hukimbilia kwa jirani.

"Naenda kuonana na mteja," mama alisema. "Kaa na hawa dagaa. Kazi yako ni masikio tu."

Mama alipoondoka na kumwachia simu, Evelina akakaa juu ya jiwe, akalipa ziwa mgongo, akavaa hedifoni. Wimbo mmoja tu, alijiambia. Ukaja wa pili, na wa tatu mtamu kuliko yote. Akasimama, akaanza kucheza. Nyuma yake wingu likaja na upepo wake. "Mvua hiyo! Anueni!" ikapita kichanja hadi kichanja, ikampita na yeye akikata kiuno.

Aliyemshtua alikuwa Mama Kija, jirani yao wa kichanja. Alimtikisa bega. "We mtoto, umerogwa? Anua!"

Matone yalikuwa yameshaanza. Walikimbizana na dagaa, wakawatupia kwenye turubai, wanawake wengine wakaja mbio kusaidia. Nusu waliokoka. Nusu nyingine walilowa chapachapa.

Mama akarudi akiwa amelowa naye. Midomo yake ilisogea, lakini Evelina alimsikia kama mtu anayezungumzia ndani ya pipa.

"UNASEMAJE, MAMA?"

"Mbona unanipigia kelele?"

"SIPIGI KELELE!"

Mama Kija alishindwa kujizuia kucheka. "Bernadeta, huyu anaita mtumbwi ulioko Ukerewe!"

Mama hakucheka. Aliichukua ile hedifoni, akaiwasha, akaisogeza sikioni. "Yesu na Maria!" Nusura aitupe ziwani. "Kumbe inapiga hivi?"

"Ukiiwasha tu, yenyewe," Evelina alijibu, sasa kwa sauti ndogo.

"Na Baba Sheetal umemwambia?"

Evelina alitazama mchanga. "Nilimwambia haina kasoro."

 Mama akainama, akaanza kuwatenga dagaa waliolowa na walio wazima. Bora angemgombeza.

Jumapili, baada ya kanisa, jua liliwaka vizuri na dagaa waliolowa wakakauka. Evelina aliwaangalia, akaona wanafanana na wenzao. Akapata wazo.

"Mama, kwa nini tusiwachanganye? Hakuna atakayejua."

"Subiri," mama alisema tu.

Haukupita muda akaja Mama Suzana, anayenunua dagaa kwa ajili ya mgahawa wake wa Buhongwa. Mama akamwonyesha. "Hawa ni wazuri. Hawa walinyeshewa, nitawauza kwa wenye kuku."

Mama Suzana akawainamia. "Mbona wote sawa machoni?"

"Machoni, ndiyo. Ukiwapika utasikia uchungu wao."

Mama Suzana akachukua wazima peke yao. Alipokuwa akifunga mfuko alisema, "Bernadeta, kwako nanunua hata nikiwa nimefumba macho."

Evelina alisikia neno lile vizuri sana, maana masikio yake yalikuwa yamezibuka. Aibu ikamjaa. Mama yake amekubali hasara, hasara ambayo yeye ndiye aliyeileta, ili mteja wake asidanganyike. Na yeye? Aliwaza watoto wote watakaovaa hedifoni zile likizo, na nyenje zitakazolia masikioni mwao.

"Mama, kesho nitawahi dukani kabla ya shule. Kabla Baba Sheetal hajaagiza."

"Mimi sijakutuma."

"Najua, mama. Nimejituma."

Jumatatu alifika dukani akihema. Baba Sheetal alikuwa anafungua milango, simu mkononi.

"Shikamoo, Baba Sheetal! Usiagize!"

"Marahaba. Pumua kwanza, binti."

Evelina hakupumua. Alimwaga yote kwa pamoja: sauti inayojipandisha, nyenje, dagaa, mvua, na namna alivyoficha kwa sababu aliitaka hedifoni iwe yake. Alipomaliza machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Baba Sheetal aliichukua hedifoni, akaiwasha na kuiwekea wimbo wa simu yake, mbali kidogo na sikio. Akaizima. Akaiwasha tena. Akatikisa kichwa.

"Masikio yako yanaendeleaje?"

"Yameacha kulia."

"Yakianza tena, mwambie mama mwende hospitali. Sikio likiharibika halinunuliwi dukani, hata kwangu." Akaweka simu mfukoni bila kuagiza. "Sikia, Evelina. Hii kazi nilikupa kwa sababu ya ile feni. Mimi pia nilikosea, nilikuahidi zawadi ukisema nzuri, na ukisema mbaya ukose. Nilikutega bila kujua. Lakini mtu anaponunua kitu kwangu, anachochukua kwanza ni neno langu. Neno likiwa bovu, hata nikimuuzia kitu kizuri kesho hataniamini. Ijumaa ulinipa neno bovu. Leo umekuja mwenyewe kulibadilisha, na leo ndiyo nitakayoikumbuka."

"Samahani, Baba Sheetal."

"Nimekusamehe. Weka kwenye boksi lake."

Evelina akaikunja ile hedifoni nyekundu, akaitia kwenye boksi, akafunga. Ilimuuma, tusidanganyane. Lakini kile kitu kilichokuwa kikimkwaruza ndani tangu Ijumaa kiliondoka.

Baba Sheetal akachomoa kitu kingine chini ya kaunta. "Hii ni tochi ya kuvaa kichwani. Nataka kuwauzia wavuvi. Utanijaribia? Safari hii hakuna zawadi."

"Hata kidogo?"

"Hata pipi."

"Baba, hata pipi?" Sheetal alitokea na begi lake mgongoni.

Evelina akavaa tochi, akaiwasha, akamulika huku na huku. Kisha akakunja pua.

"Baba Sheetal, mwanga wake mzuri. Ila mkanda unanuka kama tairi bovu."

"Aha!" Baba Sheetal alipiga kofi kaunta, na kicheko chake kikasikika mpaka nje. "Breki zimekatika tena! Sasa huyu ndiye Evelina ninayemjua. Haya kimbieni, mtachelewa shule."