Jani la Mama Lilirudi kwa Kontena

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, mkazi wa Kisauni. Wasomaji wenzangu, haya ninayoyaandika hata mume wangu hayajui. Nimechoka kuyabeba peke yangu...

Mama yangu alikuwa akidarizi kofia kwa mkono. Kofia moja ilimchukua miezi minne! Nakshi yake aliirithi kwa mama yake: majani madogo yanayozunguka kichwa, yote yakitazama kulia, isipokuwa moja tu karibu na mshono wa nyuma. Hilo alilielekeza kushoto. Ndiyo iliyokuwa alama yake. Mabwana harusi wa mtaa mzima walivaa kofia za mama, na hakuna mwanamke aliyethubutu kuliiga jani lile. Kwetu nakshi ya mtu haiigwi bila ruhusa yake.

Mimi nikamwona mama amepitwa na wakati. Bidhaa zinavuka bahari kila siku, yeye bado yuko barazani na sindano moja! Ndipo nikakutana na Nassoro, mwagizaji wa bidhaa kutoka China, mtu wa maneno matamu. Akaniambia, "Dada, soko sasa ni la dunia nzima. Niletee kofia moja tu niwaonyeshe wanunuzi wa Arabuni. Mamako atatafutwa mpaka achoke."

Nilijua mama angekataa. Basi siku moja alipokwenda matangani nikafungua sanduku lake, nikatoa kofia aliyomshonea marehemu baba, ambaye alifariki kabla ya kuivaa. Nassoro alikaa nayo wiki mbili, akairudisha ikiwa safi, nami nikaiweka tena sandukuni kwa siri. Tangu hapo hakupokea tena simu zangu. Nilishangaa, lakini nikajipa moyo. Mjinga mimi!

Mwaka uliofuata, siku ya Idi, tulikwenda kumwamkia mama. Mume wangu alikuwa na kofia mpya kichwani. Mama akamwomba aivue. Akaigeuza polepole mpaka kwenye mshono wa nyuma. Jani lilikuwepo... likitazama kushoto! Mashine za ng'ambo zilikuwa zimeiga mpaka alama ya mama.

"Umeinunua wapi, baba?" akamuuliza mume wangu.

"Sokoni, mama. Zimeletwa kontena zima."

Mama akanitazama mimi. "Jani langu hili, mwanangu. Nani alolitoa nyumbani?"

"Wallahi sijui, mama."

Niliapa kwa jina la Mungu, siku ya Idi, mbele ya mama yangu mzazi!

Haikuishia hapo. Familia moja iliyokuwa imeagiza kofia ya harusi ilikuja kuikataa. Wakasema mama ananunua kofia za kontena na kuwauzia watu kama kazi ya mkono. Mama yangu, kuitwa mwongo kwa nakshi yake mwenyewe! Hakuonekana tena barazani na sindano, akawa anadhoofika siku hadi siku. Mara ngapi nilitaka kumwambia kweli? Kila nikianza, nilikumbuka kiapo kile, nikageuza mazungumzo. Mwaka jana akafariki.

Baada ya arobaini nikafungua sanduku lake. Chini ya kofia ya baba nikakuta nyingine, imefika nusu, sindano bado imechomekwa. Nakshi yake ilikuwa mpya kabisa, sijapata kuiona popote. Kumbe aliendelea kudarizi! Alijifungia chumbani, akanificha mimi, binti yake wa pekee, niliyefundishwa naye kushika sindano. Alijua... alijua siku zote.

Ndugu zangu, kufanya biashara na dunia si kosa. Lakini ukitaka kuipeleka kazi ya mzazi wako mbele za watu, mshike mkono mwende naye. Usiitoe kwa siri. Na ukishakosea, nakusihi, mwambie kweli angali anakusikia.

Mume wangu ananihimiza niimalizie ile kofia, iwe ukumbusho. Nitaimaliziaje? Sijui alama yake mpya angeiweka wapi.